Kiini na Ganda

Ukungu umepanda kutoka bonde la Ruvuma,
umekalia mabati ya ofisi ya chama cha msingi, Newala.
Ndani ni mimi, betri ya sola inayopumua kwa shida,
na mizani kumi na mbili za korosho
zinazosubiri niziambie zimwamini nani.

Mfumo endeshi huu niliuandika mwenyewe,
mstari kwa mstari, miezi kumi na minne,
kwa hasira ya mjukuu wa mkulima
aliyepunjwa kilo nne kila gunia
na kidole cha karani kilichojua kulala kwenye sahani.
Kwa hiyo nilifunga. Nilifunga kila kitu.
Kila programu na chumba chake, kila chumba na komeo,
kila uzito uape mara tatu kabla ya kuandikwa,
na kiini, kile cha katikati kabisa,
nikakivika ganda lisilopenya hata pumzi.
Nikalala nikijisifu:
ajaribu sasa mtu wa kangomba.

Jumatatu, Kitangari.
Gunia la kwanza: sekunde kumi na moja.
La pili: kumi na moja.
La arobaini, betri ikazima,
foleni imefika kwa muuza mihogo,
wingu la Desemba limeshuka hadi usawa wa paa.
"Fundi," akasema Bi Somoe Nampota, wala hakupaza sauti,
"zikilowa hizi zinashuka daraja.
Huyo mwizi unayemwogopa
ataniibia nini kuzidi hiki?"

Saa nane mchana nikaikuta nywila yangu,
herufi ishirini, alama na tarakimu,
imeandikwa kwa makapeni nyekundu ubavuni mwa mizani,
mwandiko mzuri wa karani Mchopa.
Chini yake ameongeza: *Usifute.*

Sikumlaumu.
Mama yangu alibangua korosho kiwandani, Mtwara mjini, miaka tisa.
Walipewa glovu. Glovu nzuri, nene,
mafuta ya ganda hayapiti.
Zilining'inia msumarini hadi zikaota vumbi,
maana mkono wa glovu hubangua kilo tatu
na mkono mtupu, uliopakwa majivu, kilo nane,
na malipo hayaulizi vidole.
Alinifundisha kusoma kwa kidole kilaini kama karatasi.
Hadi anakufa hakuna mashine iliyomtambua kwa alama zake.
Ndiyo maana mizani yangu, washauri waseme watakavyo,
haiombi kidole.

Basi usiku huu nalegeza.
Ukuta huu nautoa: nusu sekunde inarudi.
Kiapo cha tatu, kwaheri. Cha pili...
cha pili nakiangalia muda mrefu, halafu nacho.
Hapa panavuja kidogo. Hapa panavuja sana.
Hapa pakivuja linapotea gunia,
hapa pakivuja kinapotea kijiji kizima.
Pa kijiji sipagusi. Heri foleni.

Mwenzangu wa Dar kapiga simu: "Fadhina, umeacha tundu."
Najua. Linatosha sindano tu.
"Sindano ikipita, uzi hufuata."
Kweli.
Jibu sina. Nina watu asubuhi.

Juu ya tundu naandika, ndani ya msimbo,
pale ambapo mashine hupita bila kusoma:
*Hapa nimeacha upenyo. Nimeuacha nikiwa macho.
Atakayekuja na betri bora kuliko yangu, auzibe.*
Naweka jina na tarehe, niwe wa kulaumiwa.

Kitangari tena. Gunia la kwanza: sekunde tatu.
Bi Somoe anasoma namba, anahesabu magunia, hasemi asante,
anamwita mwanawe alete la pili.
Mchopa amechuchumaa na kitambaa cha mafuta ya taa,
anasugua ubavu wa mizani.
Nywila inatoka, herufi moja moja.
*Usifute* imegoma.